Mstari Mmoja wa Kijana Wetu

Kijana aliyekuwa akitutunzia seva ofisini ameacha kazi. Kapata pazuri zaidi, Mungu amzidishie. Mimi kaniachia skripti ya kuhifadhi mafaili ya zamani: mstari mmoja, mrefu kama foleni ya Mbagala, hauna hata neno moja la maelezo. Ukilalamika unaambiwa, "Mzee, yule alikuwa fundi, kazi yote kaimaliza kwa mstari mmoja!"

Haya, fundi. Folda ya mafaili kaiita a. Folda ya kuhifadhia kaiita b. Tarehe ni c. Kuna na d, ambayo haina kazi yoyote mahali popote, lakini naogopa kuifuta.

Wanasema aliufupisha ili mambo yaende haraka. Haraka ya kwenda wapi? Skripti inaamshwa na cron saa nane usiku. Saa hiyo ofisini kuna mlinzi na paka, na kati yao hakuna anayeulizia mafaili ya mwaka juzi. Ikichukua dakika nne au sita, nani kapungukiwa? Anayechelewa ni mimi, asubuhi, nikiikodolea macho huku chai inapoa.

Tena siyo kwamba kubana ni kubaya. Ukiituma find itafute mafaili ya zamani iyakabidhi kwa gzip, kisha ukafunga ile -exec kwa nukta-mkato, gzip inaanzishwa upya kwa kila faili. Mafaili elfu kumi, inaamshwa mara elfu kumi. Weka alama ya kujumlisha badala ya nukta-mkato, mafaili yanapelekwa kwa mafungu na gzip inaamka mara chache tu. Hapo umeokoa muda wa kweli, na msomaji hujamfumba macho. Sasa fundi wetu hapo kaweka nini? Nukta-mkato. Kabana herufi, kamwaga kazi.

Kwenye tar ndiyo balaa. Programu hii ilitoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, enzi za kanda za sumaku, na watu wengine walikuwa bado wanachapa amri kwenye teletaipu. Mtu wa wakati ule akibana herufi namwelewa. Leo tar ya GNU inakubali uandike --create --gzip --file, na hata mgeni anaona nini kinafanyika. Vijana hawataki, wanataka herufi tatu. Basi wazipange vizuri! Andika -czf, umesalimika. Andika -cfz, na tar inaichukua z kuwa ndiyo jina la faili la kuhifadhia. Inakutengenezea faili linaloitwa z, ambalo hata halijabanwa, halafu inalalamika kwamba lile jina refu ulilokusudia haioni faili lake. Siku diski ikijaa, mtu anakuta z haina mwenyewe, anaifuta.

Na majina ya mafaili yetu mnayajua. "Bajeti ya mwisho kabisa HII NDIYO.xlsx." Fundi anayahamisha kwa for bila kuweka alama za kunukuu, kwa hiyo shell inakata jina kila penye nafasi. Inakwenda kutafuta faili liitwalo "Bajeti", halafu "ya", halafu "mwisho". Haioni kitu, inapiga kelele. Lakini kelele zote kazielekeza /dev/null, kwa hiyo asubuhi kila kitu ni salama salimini.

Upande wa pili kuna dada yetu mmoja wa masijala, yeye anaandika kwa kueleweka. Anaeleweka mpaka inachosha. Juu ya cd: "hapa tunaingia kwenye folda". Juu ya date: "hapa tunachukua tarehe ya leo". Asante, dada. Ila kwenye -mtime +30, pale ambapo maelezo yanahitajika kweli, kimya. Find inahesabu saa 24 kamili kamili na vipande inavitupa, kwa hiyo +30 maana yake faili liwe limetimiza siku 31. Lenye siku 30 na nusu haliguswi. Wahasibu wanapiga simu kuuliza kwa nini, na simu inaletwa mezani kwangu.

Ile skripti ya kijana nimeiandika upya. Majina yanasomeka, nukuu zipo, makosa yanaandikwa kwenye faili lake, na kuna maelezo mawili tu: moja la hizo siku 31, jingine la kwa nini hatufuti faili la asili kabla tar haijakaguliwa. Imefika mistari ishirini na kitu. Bosi kaitazama, kaniuliza mbona ndefu hivyo wakati yule kijana aliimaliza kwa mmoja.

Sina la kumjibu bosi. Ila ninyi wa uhasibu, nawaomba kwa heshima zote: faili likishaitwa "la mwisho kabisa", msitengeneze jingine.