Nimegongana na Kabati

Fomu ya madai ya bima ilikaa mezani tangu Jumamosi. Kurasa nne, mbele na nyuma, na juu kabisa pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ijazwe kwa wino, bila kufutafuta. Hapo ndipo waliponipatia. Mimi naishi kwa kufutafuta. Kuna sentensi za safu hii nimezifuta mara sita na bado zimetoka mbaya.

Ajali yenyewe haikumaliza muda wa kumeza mate. Ilikuwa Sinza, barabara ya Shekilango, saa kumi na mbili jioni, saa ambayo pale watu hawaendeshi, wanasogea. Mbele yangu kirikuu kimebeba matofali. Kulia daladala limetanua, limekutana uso kwa uso na lori, sasa linataka kuchomekea mbele yangu. Konda ametoa mkono dirishani ananiomba kwa vidole vyote vitano. Nikakaza macho mbele kama sijamwona, nikasogea nusu mita kuziba pengo.

Nusu mita hiyo ndiyo imenifikisha kwenye fomu.

Kumbe kushoto, kutoka kichochoroni, linashuka guta. Guta la kunyonga kwa miguu, limebeba kabati la milango mitatu, lile lenye kioo katikati, limefungwa kamba ya manila sehemu mbili na sehemu ya tatu limefungwa kwa imani. Kijana akakanyaga breki. Guta likasimama, kabati likakataa. Mlango mmoja ukafunguka taratibu kama unakaribisha mgeni, ukaanza na taa yangu ya mbele, ukachana fenda, ukamalizia kwa saiti mira. Kile kioo cha katikati kikashuka lami chote.

Nikatoka mbio. Neno la kwanza kinywani: “Samahani, kaka.” Naye: “Samahani, bosi.” Mama mwenye kabati, aliyekuwa akilifuata kwa miguu na mito miwili kwapani, akasema, “Poleni jamani.” Kisha akaona vipande vya kioo, na pole zikaisha.

Sehemu A nimeijaza vizuri. Jina, simu, namba ya leseni, namba ya gari. Sehemu B inauliza aina ya bima, na hapo nilijaza kwa madaha, maana mwaka huu nilijitutumua nikakata bima kubwa. Miaka yote nilikuwa na ile ndogo ya shilingi 118,000, ambayo wengi wetu huikata ili tupite salama mbele ya trafiki, basi. Bima ndogo humlipa mwenzako. Wewe na bampa lako mtajuana wenyewe.

Sehemu C ndiyo imenitoa jasho. Inaitwa CHOMBO CHA PILI. Namba ya usajili. Kampuni iliyokata bima. Namba ya leseni ya dereva. Mwaka wa kutengenezwa.

Jamani, guta.

Hata afande aliyekuja kupima alipata taabu. Siku hizi stika ya bima haibandikwi tena kiooni, iko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa hiyo trafiki anaingiza namba ya gari kwenye simu na mambo yako yote yanamjia. Akaingiza yangu, akaridhika. Akaligeukia guta. Akalizunguka mara mbili, akainama kuangalia nyuma, simu mkononi, akakuta maandishi ya rangi nyekundu: MAMA NIOMBEE. Mfumo hauna sehemu ya kuingiza hiyo.

Mimi kwa kujitia mwaminifu nikampigia simu yule kijana, nikamuuliza guta lake lilitengenezwa mwaka gani. Akafikiri kwa muda. “Bosi, unataka fremu au matairi? Maana fremu ni ya marehemu mjomba. Matairi ni ya Ramadhani iliyopita.” Nikaandika: mchanganyiko.

Swali la mwendo. “Gari lilikuwa likienda kilomita ngapi kwa saa?” Nikaandika 3. Dada wa kampuni ya bima akanirudishia fomu, akasema, “Kaka, hakuna mtu anayeandika tatu. Andika mwendo wa kawaida.” Nikamuuliza kawaida ya wapi, kwa sababu kwa Shekilango ya saa kumi na mbili, tatu ni kukimbia. Swali linalofuata: “Ulikiona chombo cha pili kikiwa umbali gani?” Nilikiona kikiwa ndani ya fenda. Nimeacha wazi.

Halafu wameweka mistari mitatu, mitatu tu, chini ya maneno haya: “Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ajali ilivyotokea.” Mtu wa magazeti ukipewa mistari mitatu unajisikia umefungwa kamba ya manila. Lakini tabu yangu haikuwa nafasi. Tabu ilikuwa kitenzi. Nikiandika “niligonga guta”, nimejikaanga. Nikiandika “niligongwa na guta”, nitaulizwa guta lenye kasi gani hilo. Nikiandika “niligongwa na kabati”, ambao ndio ukweli mtupu, watanitafutia daktari. Mwisho nikaandika kama tunavyosema wote tukishashuka kwenye magari na kushikana mikono: “Tumegongana.” Neno zuri, lina adabu, kila mtu anaondoka na kipande chake cha kosa kama sahani ya shughuli.

Dada wa bima akalizungushia duara. “Kaka, nani alimgonga nani?”

“Tuligongana.”

“Hapana. Lazima awepo mmoja.”

Ndipo tukafika ukurasa wa tatu, swali dogo ambalo hata sikulijali: “Je, ulikiri kosa kwa maneno au maandishi mbele ya mtu yeyote?” Nikaweka tiki kwenye HAPANA. Dada akainua macho. “Hukusema chochote?” Nikamwambia sikusema kitu, niliomba samahani tu. Kalamu ikasimama.

“Mara ngapi?”

Sasa mtu wa pwani unamuuliza aliomba samahani mara ngapi? Kwa kijana wa guta, moja. Kwa mama wa kabati, labda tano, kwa sababu alikuwa analia. Kwa afande, moja, ya kumsumbua. Kwa abiria wa daladala tuliowazibia njia, moja ya jumla. Nilimpa pole hata konda, niliyemnyima nafasi. Dada akanisomea kipengele cha mkataba: mteja asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Nikamweleza kwamba hapa kwetu mtu akijikwaa mwenyewe, na jiwe lake mwenyewe, wewe uliyekaa barazani unamwambia pole. Hujakiri kuwa jiwe ni lako. Akasema ananielewa, lakini mwanasheria wao naye anaweza kuelewa vyake.

Mashahidi. Pale barabarani walikuwa kama arobaini, na kila mmoja hakimu. Muuza mahindi ya kuchoma alieleza tukio zima kwa kutumia magunzi mawili na kipande cha mkaa, ufundi mtupu. Nilipotoa kalamu niandike jina lake, akageuza mahindi. “Mimi nilikuwa nimeinama, mzee wangu. Nimesikia mlio tu.” Wengine wakakumbuka wanakwenda wapi.

Mchoro ndio uliokula Jumapili yangu. “Chora eneo la ajali ukionyesha upande wa kaskazini.” Barabara nilichora. Daladala nilichora, likapendeza. Guta lenye kabati lililofunguka mlango binti yangu wa darasa la tatu alilitazama akaniuliza, “Baba, huyu ng’ombe alikufa?” Na kaskazini? Nimekaa mjini hapa miaka ishirini, naijua Mwenge, naijua Mbagala, kaskazini sijawahi kutumwa. Aliyeniokoa ni jirani yangu Mzee Abdallah. Akaniuliza pale Sinza msikiti wa karibu watu wanasali kuelekea wapi, kwa sababu ukiwa Dar, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Nikachora mshale.

Nilidhani nimemaliza, kumbe kuna mama mwenye kabati. Kwenye lugha ya bima mimi ni mtu wa kwanza, kampuni ni mtu wa pili, na niliyemsababishia hasara ni mtu wa tatu. Kijana wa guta ndiye niliyemwandika hapo. Guta lake halina hata mkwaruzo. Kioo ni cha mama, na mama ananipigia asubuhi na jioni, kwa upole unaoumiza kuliko matusi, akiniita mwanangu. Nikamuuliza dada niweke wapi mtu wa nne. Akageuza fomu mbele, akaigeuza nyuma, akanipa fomu nyingine nzima. Juu yake akaorodhesha kwa penseli vya kuleta kutoka kituo cha polisi: PF 90, PF 93, PF 115. Mimi PF niliyokuwa naijua maisha yangu yote ni PF3 ya kwenda nayo hospitali.

Gereji, fundi ameniandikia makadirio kwenye karatasi ya daftari yenye alama ya dole la oili: saiti mira, taa ya kushoto, kunyoosha fenda, puti, rangi, ufundi. Jumla 310,000. Nikaipeleka ofisi ya bima, ghorofa ya saba, kwa fahari. Dada akafungua mkataba wangu, akanionyesha kwa kidole kiasi ambacho mteja anabeba mwenyewe kwenye kila dai, kile wanachokiita ekses. 250,000.

Kwa hiyo ninapigania elfu sitini. Nimeshatumia elfu kumi na tisa kwa fotokopi, maegesho na bajaji, maana Vitz yangu bila saiti mira siiamini kwenye foleni.

Jana nilipeleka fomu zote mbili. Dada akazipiga muhuri, akanisindikiza mpaka kwenye lifti, akanikumbusha tena: mtu yeyote akinipigia, nisikiri chochote. Lifti ilikuwa imejaa. Nikarudi nyuma hatua moja kumpisha mtu, kisigino kikatua kwenye kidole cha mama mmoja aliyevaa kandambili. Akapiga ukelele. Samahani ilishanifika kwenye meno. Nikaimeza, nikamgeukia.

“Mama,” nikasema, “tumekanyagana.”