Tuandikishwe kama madini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini, Kinshasa
Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa taarifa tu, asije akasumbuka
Kuhusu: Ombi la kuwaingiza wagonjwa wa kansa wa Lubumbashi katika orodha ya madini ya kimkakati

Mheshimiwa,

Sisi wakaaji wa mitaa ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi hapa Lubumbashi tunakuandikia wewe, wala si mwenzako wa Afya, kwa sababu moja. Tumeangalia kwa miaka mingi ni nani anayehudumiwa vizuri katika jimbo hili, tukaona ni jiwe.

Jiwe likitoka ardhini halicheleweshwi. Linapimwa, linaandikiwa cheti, linapakiwa kwenye lori, linaelekea mpakani Kasumbalesa. Maabara inasema lina asilimia ngapi ya shaba, na hakuna anayeliambia lirudi mwezi ujao. Likikwama mpakani, simu zinapigwa hadi ng'ambo.

Sasa mtazame mgonjwa. Mama mmoja jirani yetu alikatwa kipande cha uvimbe wa titi katika hospitali ya mtaa. Kipande kikatiwa ndani ya kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, kifuniko kikazungushiwa plasta, mwanawe akakabidhiwa akatafute maabara. Kijana akapanda basi la abiria, kichupa mfukoni, huku amekishika kisimwagike kila dereva alipokanyaga breki. Jibu lilipopatikana, uvimbe ulikuwa umeshapasua ngozi. Tukuulize, Mheshimiwa: kuna kilo ya kobalti iliyowahi kusafirishwa hivyo, bila cheti, bila muhuri, bila mlinzi?

Daktari alimweleza mama huyo kwa upole njia zote za tiba. Upasuaji upo, ukitanguliza malipo. Kimio, yaani dawa za kuua kansa, ipo, ukijinunulia mwenyewe famasi, chupa baada ya chupa, ndugu wakichanga hadi mifuko itoboke. Tiba ya miale nayo ipo, ila ipo Kinshasa, Afrika Kusini na India. Mgonjwa ana uhuru kamili wa kuchagua. Anachokosa ni nauli tu.

Na hapo kwenye miale ndipo tunapodai undugu na wizara yako. Mawe ya urani ya Shinkolobwe, mgodi wa jimbo hili hili, yaligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia 1922 kampuni ya Union Minière ilitoa ndani yake radiamu katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Madaktari wa Ulaya wakaitia kwenye sindano, wakazichoma ndani ya uvimbe wa mlango wa kizazi wa wanawake wa huko, na wengi wakapona. Babu zetu walichimba dawa ya kansa kabla hawajajua kwamba kansa ina dawa. Radiamu ilipochakaa, ikaja zamu ya kobalti: Oktoba 1951, huko Kanada, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine ya kobalti-60, ambayo ni kobalti ya kawaida iliyopitishwa kwenye kinu cha nyuklia. Kinu chenyewe si kigeni kwetu: cha kwanza katika Afrika nzima kilijengwa Kinshasa, kikaanza kazi mwaka 1959. Jiwe tunalo, kinu tulikuwa nacho, wagonjwa tunao. Ni mashine tu ambayo haijawahi kufika hospitali yetu.

Wala usidhani tunadharau juhudi zako. Februari 2025, kobalti ilipojaa sokoni na bei kuanguka, serikali ilisimamisha kuiuza nje, kisha Oktoba ikaweka viwango vya mauzo. Tulifurahi sana kuona kwamba kitu cha Katanga kikishuka thamani, Kinshasa inaweza kushtuka. Nasi, Mheshimiwa, tumeshuka kitambo.

Wataalamu wako watasema mashine za miale zinataka umeme wa uhakika. Ni kweli. Migodi nayo iliutaka, ikavutiwa waya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, kazi ikamalizika mwaka 1982. Waya huo ulipita juu ya vijiji vingi ambavyo mpaka leo vinasoma kwa kibatari. Mwenye nia haombi udhuru kwa umeme.

Tukishaandikishwa, tunaomba haki zile zile za jiwe, kwa mpangilio huu. Kwanza, kipimo: nyama ya mgonjwa ipelekwe maabara na hospitali, si na mtoto wake, na jibu litoke kwa haraka kama la shaba. Pili, ukaguzi kabla ya hasara: muuguzi akipaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, dakika moja inatosha sehemu yenye kasoro kugeuka nyeupe, na mara nyingi inatibiwa siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kabla ya umri wa miaka 35, na tena kabla ya 45. Sisi tungeanza na siki. Tatu, kwa wale ambao tiba imewapita, mofini ya kunywa. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika tangu 2004. Hapa kwetu mtu anakufa akilia, na mtaa mzima unakesha naye.

Nne, mashine, hapa Lubumbashi. Fedha usihangaike kuzitafuta. Kobalti ilipotangazwa kuwa ya kimkakati mwaka 2018, mrabaha wake ulipanda hadi asilimia 10, na sheria inasema robo ya mrabaha ni ya jimbo. Tunaomba tu robo hiyo ipite hospitalini siku moja, hata kwa kupotea njia.

Mwisho, endapo ombi hili litakataliwa kwa kuwa sheria hairuhusu binadamu aitwe madini, tafadhali tupatie jibu hilo kwa maandishi, na kifungu chake. Tutalipeleka kwa mwenzako wa Afya, apate ushahidi rasmi kwamba sisi ni watu, na kwamba tuko upande wake wa meza.

Wako watiifu,
Wakaaji wa Lubumbashi, ambao bado hawajasafirishwa