Mwongozo wa Kufika Unguja kwa Dakika 20 (Tenga Nusu Siku)

Kwanza, usibishane na ramani. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kama kilomita 73 kwa mstari ulionyooka. Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya panga moja, huenda kilomita 300 na ushei kwa saa, kwa hiyo dakika 20 zinatosha. Hesabu ni sahihi kabisa. Ila ni ya ndege, si yako.

Yako inaanzia mlangoni kwako. Ukiwa unakaa Mwenge, toka mapema kuliko unavyodhani, maana flyover ya Mfugale pale Tazara, iliyofunguliwa 2018, imepunguza adha lakini haikuyafuta magari ya Barabara ya Nyerere. Uliza kabla ya kutoka ndege yako inaondokea jengo lipi kati ya matatu. La 1 liko mbali na mengine, na kukimbia na begi juani si safari ya anga.

Kaunta ina mizani. Kwenye ndege ndogo begi lisizidi kilo 15, kwa kawaida, kwa hiyo kile kiroba cha vitunguu cha shangazi wa Darajani kipande boti. Ukiombwa nawe upande mizani, panda bila kununa: rubani lazima ajue uzito wote aliobeba, na nani akae mbele, nani nyuma.

Sasa upepo, na hapa naomba ukae dirishani. Unguja iko karibu kaskazini tupu ya Dar, ingawa wengi huisonta kidole mashariki. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini-kusini, na ile kubwa ya Dar inaelekea kaskazini mashariki. Basi kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, mambo ni mteremko: mnaruka, mnakata kushoto, mnatua moja kwa moja. Kusi ikishika, kuanzia Juni hivi, ndege huweza kuondoka ikiwa imeipa Unguja mgongo, ikageuka, ikaupita uwanja inaouendea, ndipo ikarudi kutua kutokea kaskazini. Dakika hizo za ziada usizinung'unikie. Ni pepo zilezile zilizokuwa zikiyaweka majahazi bandarini miezi kadhaa yakingoja msimu. Wewe zinakuchelewesha kidogo tu, tena umekaa.

Ukishuka, bado kuna begi, kitambulisho, na teksi au daladala ya kukufikisha mjini.

Kwa hiyo usilinganishe ndege na boti kwa dakika za angani. Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa 2, lakini inaondokea katikati ya Dar, karibu na Kanisa la Mtakatifu Joseph, na inakushusha Malindi, hatua chache kutoka Mji Mkongwe. Anayetoka Kariakoo kwenda Darajani apande boti, hasa akiwa na vitunguu. Anayekaa Kipawa au Ukonga, jirani na uwanja, na mwenyeji wake yuko Kiembe Samaki, huyo apande ndege. Bahari ya kusi ikichafuka na tumbo lako ni jepesi, panda ndege hata kama unakaa Kariakoo.