Mtamba wa Wifi na Shimo Jeusi

Ujumbe uliingia Jumamosi jioni, mwezi wa nane, tukiwa tunapepeta ulezi uani kwetu Nyamisangura, Tarime. Ulikuwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, umetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu mwingine. Mwanamume mwenye sauti nzito alisema wanasayansi wamegundua shimo jeusi jirani na Dunia, kwamba tayari linakula nyota, kwamba zamu ya Jua letu imekaribia, na kwamba atakayepanda mwaka huu anajichosha bure.

Wifi yangu aliusikiliza, akaurudia, kisha akaweka ungo chini.

"Wifi," akaniambia, "sasa huyu mtamba ninamtunzia nini?"

Mtamba huyo mweupe ndiye mali yake pekee. Alimnunua kwa fedha za ndizi alizouza kwa miaka, na kila mtu nyumbani anajua kwamba ndama wake wa kwanza amepangiwa ada ya shule ya mwanawe. Nilimsihi angoje binti yangu arudi kutoka masomo ya ziada, maana yuko kidato cha tatu na fizikia ndilo somo alilolishika. Wifi hakungoja. Alikwisha kumpigia simu dalali wa ng'ombe.

Mama mkwe naye alikuwa amekaa kizingitini, na masikio yake ni mazima. Akauliza kulikoni, akaelezwa, akanyamaza kidogo, kisha akatoa amri: debe la mbegu ya ulezi lishushwe darini, lipelekwe mashineni likasagwe lote. "Kama hakuna msimu mwingine," alisema, "wajukuu zangu hawatalala na hamu ya ugali wa ulezi ilhali mbegu imejaa debe." Katika nyumba yetu neno la mama halirudishwi. Mwanangu wa pili akajitwika debe, akaenda. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa amesikia yote, akaingia uvunguni mwa kitanda na kukataa kutoka.

Dalali alifika kiza kikianza kuingia, kwa pikipiki. Alimzunguka mtamba, akamshika nundu, akataja bei isiyofika nusu ya ile ambayo wifi aliikataa mnadani mwezi uliopita. Wifi akaikubali. Mwenye hofu hapatani bei. Akapokea malipo ya awali, dalali akakabidhiwa kamba, na hapo hapo umeme ukakatika mtaa mzima.

Dalali akawasha taa ya pikipiki ili aone anachokifanya. Mwanga ule ulimpiga mtamba machoni. Akaruka, akakata kamba, akapita jikoni. Jiko letu ni la nje, mafiga matatu chini ya bati, na sufuria ya makande ilikuwa motoni. Sufuria ikaenda upande mmoja, makande upande mwingine. Pipa la maji likaanguka na kupasuka. Mtamba akachukua shuka la mama mkwe kutoka kwenye kamba ya nguo, akalivaa kwenye pembe zake, akatokomea kwenye migomba ya jirani. Watoto wakapiga kelele, "Ng'ombe! Ng'ombe!"

Asiyeijua Tarime hataelewa uzito wa kelele hiyo. Wilaya yetu ina historia chungu ya wizi wa mifugo, na yowe la ng'ombe kwetu halingoji maelezo. Jirani alipiga yowe, wa pili akalipokea, na muda mfupi baadaye wanaume wa mtaa walikuwa wamejaa uani kwetu na tochi, fimbo na marungu. Walichokiona ni mgeni asiyejulikana, kashika kipande cha kamba iliyokatika, na ng'ombe hayupo. Wakamshika ukosi wa shati. Mama mkwe ndiye aliyemwokoa. Alisimama mbele yake na mkongojo wake, akasema kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Huyu ni mgeni wangu. Atakayemgusa amenigusa mimi." Mwenyekiti wa mtaa alipofika, ukweli ukaelezwa, na dalali akapewa kigoda akae apumue.

Binti yangu aliingia wakati huo huo, na wenzake wa masomo nyuma yake. Tukamsikilizisha ujumbe. Aliusikia hadi mwisho, kisha akaomba kitu kimoja: mtamba akipatikana afungwe kwenye kigingi kilichoko katikati ya uwanja, na tochi zote zizimwe.

Ikafanyika hivyo. Mtamba, bado hajatulia, akaanza kuzunguka.

"Bibi, unamwona mtamba?"

"Namwona."

"Na kigingi?"

"Sikioni, giza."

"Umejuaje kwamba kipo?"

"Si anazunguka palepale?"

"Basi, bibi, hivyo ndivyo shimo jeusi linavyojulikana. Hakuna aliyeliona kwa macho. Inaonekana nyota inazunguka mahali patupu, na kwa mwendo wake wataalamu wanapima ukubwa wa nguvu inayoishika."

Uani palikuwa kimya. Watu waliokuja na marungu walikaa chini, na binti yangu akaeleza. Nayaandika hapa aliyoyasema, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe baadaye, kwa sababu naamini kila nyumba inastahili kuyajua.

Shimo jeusi si tundu. Ni vitu vingi mno vilivyobanwa mahali padogo mno, kiasi kwamba nguvu yake ya uvutano hairuhusu hata nuru kutoka. Mengi huzaliwa pale nyota kubwa inapomaliza moto wake wa ndani na kuporomoka. Jua letu ni dogo kwa mwisho wa namna hiyo, kwa hiyo halitakuwa shimo jeusi kamwe. Tuseme hata lingebanwa kwa nguvu likawa hivyo: kutoka katikati hadi ukingoni lingekuwa na kilomita 3 tu, na uzito wake ungebaki uleule. Dunia ingepata giza na baridi kali, lakini ingeendelea kulizunguka katika njia ileile, kwa siku 365. Uvutano hutegemea uzito na umbali. Weusi hauongezi chochote.

Mwenyekiti akauliza lililo karibu zaidi liko wapi. La karibu zaidi linalojulikana linaitwa Gaia BH1, na lilitangazwa mwaka 2022 baada ya setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia kupima mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Lina uzito wa takriban Majua 10, nalo liko mbali kiasi cha miaka ya nuru 1,560. Mwaka mmoja wa nuru ni zaidi ya kilomita trilioni 9. Nuru inayotufikia leo kutoka huko ilianza safari kabla mji wa Kilwa haujajengwa. Nyota inayolizunguka shimo hilo inafanana na Jua letu, na humaliza mzunguko kwa siku 186 hivi. Hailiwi. Inaishi jirani na shimo jeusi na inang'aa kwa amani, kwa sababu umbali wake unatosha.

Dalali, aliyekuwa kimya na shati lake limechanika, ndiye aliyeuliza swali zito: "Na hiyo inayoliwa?"

Ipo, na habari yake imepitia pwani yetu wenyewe. Gesi inayoelekea kwenye shimo jeusi haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kwanza, ikisuguana na kupata joto la mamilioni ya nyuzi, na joto hilo hutoa eksirei kabla gesi haijavuka ukingo usio na kurudi. Eksirei hizo haziwezi kupenya hewa ya Dunia kufika ardhini, kwa hiyo anayetaka kuzipima lazima apeleke chombo juu ya hewa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Setilaiti iliyobebwa ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za angani. Karibu na ikweta mzunguko wa Dunia huipa roketi msukumo mkubwa zaidi kuelekea mashariki, na ndiyo faida mojawapo ya pwani ile.

Uhuru ilikikazia macho chanzo kiitwacho Cygnus X-1. Eksirei zake zilipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Nuru huchukua zaidi ya sekunde 4 kulivuka Jua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kinachobadilika haraka vile lazima kiwe kidogo kuliko Jua kwa mbali sana. Kisha Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, wakagundua kwamba nyota kubwa ya buluu mahali palepale inazunguka kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema kitu hicho kina uzito wa Majua 21, umbali wa miaka ya nuru 7,200. Nyota ile hupuliza gesi yake kwa wingi, na sehemu ya gesi hiyo hunaswa na jirani yake mweusi. Kuliwa kwenyewe ndiko huko: kwa upepo wake, kidogo kidogo, tangu zamani. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kuna nyota zinazopata mabaya zaidi. Ikilisogelea mno shimo kubwa, nyota huvutwa upande wake wa karibu kwa nguvu kuliko upande wa mbali, ikararuka. Wataalamu wameona mwako wa matukio hayo katika galaksi za mbali. Na katikati ya galaksi yetu lipo shimo moja kubwa, Sagittarius A*, lenye uzito wa Majua milioni 4 na zaidi. Nyota iitwayo S2 hulizunguka kwa miaka 16, na ilipolikaribia Mei 2018 ilikuwa ikikimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, kisha ikapita na kwenda zake. Andrea Ghez na Reinhard Genzel walizifuatilia nyota zinazolizunguka shimo hilo kwa miaka mingi, wakapata Nobel mwaka 2020 pamoja na Roger Penrose. Picha ya shimo lenyewe ilitolewa tarehe 12 Mei 2022. Binti yangu alituonyesha upande wake, kusini, pale ambapo ukanda wa nyota ni mzito zaidi usiku wa mwezi wa nane. Liko miaka ya nuru zaidi ya 26,000 kutoka hapa, na Jua letu pamoja na sisi sote tunazunguka katikati hiyo bila kudhurika.

Wifi alisimama, akaingia ndani, akarudi na fedha za dalali. Dalali akazipokea bila neno, akamshukuru mama mkwe kwa kumkinga, akaondoka akisindikizwa na mwenyekiti hadi barabarani. Mtoto alitoka uvunguni, akalala mapajani mwa bibi yake. Hasara haikurudi: pipa limekufa, makande yamemwagika, shuka limechanika, na debe la mbegu limerudi kutoka mashineni likiwa unga. Mbegu nyingine tuliipata kwa jirani yule yule mwenye migomba, naye akakataa malipo.

Nimewaza sana jinsi mtu aliyekaa mahali na simu alivyoweza kufika uani kwetu, akachukua mbegu, nusura auze ng'ombe wa wifi, na akakaribia kumwaga damu ya mgeni. Alitumia neno la kweli la sayansi kubeba uongo. Dawa yake ni kujua sayansi hiyo wenyewe, kwa lugha yetu, nyumbani kwetu. Mtoto mmoja aliyesoma alituliza mtaa uliojaa marungu.

Wazazi wenzangu wa Tarime na kwingineko, walipieni watoto wenu masomo ya sayansi, na wasichana msiwaache nyuma. Wakirudi na walichojifunza, wapeni nafasi ya kukisema mbele ya wazee. Na ujumbe wa kutisha ukikufikia, kabla hujautuma kwa mwingine uliza mambo mawili: umbali wake ni kiasi gani, na nani ameupima? Asiyejibu hayo mawili hastahili kuamua lini upande na lini uuze.