Gauni la Kipaimara

Mama alipotangaza kwamba gauni la kipaimara la mdogo wangu litashonwa nyumbani, baba aliuliza: kwani fundi wa pale barabarani kakosa nini? Hakukosa kitu. Ila mabinti wote wa Kiberege, kwa maneno ya mama, hutokea kanisani na gauni lile lile, maana fundi hupima kwa futi, akachora kwa chaki, akakata. Mama yeye alikuwa na karatasi. Shangazi, aliyesomea ushonaji kwa masista, alimwachia jarida la Burda la mwaka 1974, vigezo vikiwa vimekunjwa ndani.

Jarida hilo lilianzishwa mwaka 1950 na Aenne Burda, Mjerumani wa Offenburg, pale wanawake, baada ya vita, walipotaka kupendeza lakini fedha ya dukani hawana. Ndiyo sababu karatasi ilibanwa: vigezo vya magauni chungu nzima vilichapwa kimoja juu ya kingine. Ukiitandaza, mistari imepandana mithili ya mito ya Kilombero wakati wa masika, na kazi yako ni kuufuata mto wako mmoja hadi mwisho bila kuhamia wa jirani. Mama aliufuata kwa kidole, akaunakili kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Pande la mkono lilipotea siku hiyo hiyo. Tulilikuta angani, kaka yangu amelifanya tiara.

Maelezo yalikuwa ya Kijerumani. Hapo baba akapata cheo. Ujanani aliendesha gari la Waswisi Ifakara, kwenye ile maabara ya magonjwa ya kitropiki waliyoifungua mwaka 1957, basi akajitwika ukalimani. Alisoma kwa sauti nzito, akatafsiri bila kusita, na kila alipokwama alisema hizo ni salamu za mhariri. Salamu zilikuwa nyingi mno, lakini nani angembishia?

Pesa ya gunia la mpunga ikaenda Ifakara, ikarudi satini nyeupe. Mama alikata sawasawa na mstari, akakanyaga cherehani usiku kucha. Asubuhi mdogo wangu aliingiza kichwa, akaingiza mikono, kisha mambo yakasimama. Zipu haikutaka hata kusikia habari ya kupanda.

Ikabidi twende kwa fundi. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aligeuza gauni nje ndani, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Mama, nafasi ya mshono mliiacha wapi?"

Ilikuwa kwenye salamu za mhariri. Vigezo vya Burda haviweki nafasi hiyo. Mstari uliochorwa ni pale sindano inapopita, na mkataji huongeza mwenyewe. Mama hakuongeza. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na mgongoni penye zipu, kila mshono ulikula sentimita moja na nusu huku na huku. Jumla tisa. Mtu ambaye hajawahi kukata kwa karatasi aliyaona yote hayo kabla sijamaliza kumwamkia.

Satini ilikuwa imekwisha, na fundi alitaka kitambaa cheupe, chochote, cha kuunga mbavuni. Mama alirudi nyumbani akasimama sebuleni muda mrefu, akiyatazama makochi. Vile vitambaa vya kufuma, vyenye maua, alivifuma yeye mwenyewe kabla hatujazaliwa. Akavua cha kochi la baba.

Gauni lilitoka zuri, nasema bila upendeleo. Satini katikati, maua ya uzi mbavuni. Wamama watatu walimvuta mdogo wangu pembeni mwa kanisa wakimgeuza-geuza. Kisha wageni wakaja kula pilau, na kochi la baba likawa uchi mbele yao. Kwenye mkono wa kochi, pale kitambaa kilipokuwa kikifunika, palikuwa na tundu jeusi la moto wa sigara. Baba alikuwa ametuapia wote kwamba sigara aliziacha Ifakara.

Mama aliweka sinia chini taratibu.

"Mkalimani," akasema, "na hili nalo limeandikwa Kijerumani?"