Mpandishe Mhusika Wako Hiace ya Tengeru

Kwanza, mnyang'anye sifa zote. Mkali, mchoyo, mpole, mbishi: zifute. Akibaki mtupu, mpandishe Hiace ya Kilombero, Arusha, kwenda Tengeru, Jumamosi asubuhi, siku ya gulio. Mbane dirishani, ndoo ya parachichi ya mtu mwingine magotini.

Sasa mletee shida. Mama aliyekaa mbele yake hajarudishiwa mia tano.
"Konda, chenji yangu."
"Nimeshakupa, mama."
Mhusika wako ameona kwamba hakupewa. Watatu wengine wameona pia, na wote ghafla wanautazama Mlima Meru kana kwamba umeota jana. Usikimbilie kuandika kwamba ni mwoga. Ananyamaza kwa sababu wenzake wamenyamaza. Halafu babu mmoja wa kiti cha nyuma aseme, "Kijana, mpe mama hela yake," uone gari zima linavyopata sauti, na mhusika wako akipayuka kuliko wote.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili Marekani, akachapisha mwaka 1951. Aliwaonyesha watu mistari, wakalinganisha urefu. Kundi lililopangwa kudanganya lilipotaja jibu la uongo, mtu aliyeona vizuri kwa macho yake alilifuata takriban mara 1 kati ya 3. Akipata mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kulipungua sana.

Kwa hiyo hata shujaa usimwandike akiwa peke yake. Novemba ya mwaka huohuo wa 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Ukimpa ujasiri wa kuzaliwa nao tu, umemwonea. Nyuma yake walikuwepo wananchi waliomtuma, na kando yake mwanasheria Earle Seaton. Waandike na hao.

Pili, mcheleweshe. Mwaka 1973 wanasaikolojia Darley na Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa theolojia huko Princeton. Njiani waliwawekea mtu aliyejikunja akikohoa. Kati ya walioambiwa wamechelewa sana, ni 1 tu kati ya 10 aliyesimama kumsaidia. Kati ya wasio na haraka, zaidi ya nusu. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuhubiri habari za Msamaria Mwema! Basi mchungaji wako anayetoka chuo cha Makumira, kabla hujaamua kama ni mwema, angalia saa yake.

Tatu, usiruhusu kabila au mji useme badala ya mhusika. Hilo ndilo linalotuharibia hadithi nyingi: Mchaga wa pesa, Mmasai wa rungu, chalii wa Chuga wa fujo. Hiyo ni kazi ya mwandishi aliyechoka kutazama watu.

Rasimu ikiisha, msomee mtu wa Usa River au Sakina. Akisema "huyu namjua, tulipanda naye gari," mpeleke kwa mchapishaji. Akisema "kweli, Wameru ndivyo walivyo," ifute uanze upya.