Shangazi wa Injini: Mbona Inawaka Fundi Akija?

*Shangazi, salamu kutoka Namoruputh. Mimi ni mfugaji. Mwaka jana niliuza ngamia nikanunua boti na injini ya mtumba, nguvu za farasi 40, ya kuwashwa kwa ufunguo. Iko Kalokol na nahodha wangu. Siku nyingine inawaka mara moja. Siku nyingine inalia "tik" halafu kimya. Siku nyingine inazunguka tu, haiwaki. Nimeshatuma pesa za betri, plagi na stata. Ajabu ni kwamba kila fundi akifika, inawaka! Mke wangu anasema nimerogwa. — Mwenye Boti Jangwani*

Mpwa wangu (huenda una wajukuu, lakini kwenye safu hii kila mtu ni mpwa), hujarogwa. Unatibu mgonjwa kwa simu. Kutoka ziwani hadi kwako habari hupita Lodwar na Lorugum, na ikifika Namoruputh imebaki neno moja: "imekataa". Wewe unauza mbuzi, unatuma M-Pesa, kinanunuliwa kipuri ambacho hakikuwa na kosa.

"Tik" na "inazunguka haiwaki" ni magonjwa mawili. Tuanze na "tik". Hapo umeme upo, ila haufiki kwenye stata kwa nguvu ya kutosha. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, kama yako inasoma hivyo na bado unapata "tik", acha kwanza kununua betri. Huenda umeme unakwama njiani. Maji ya Ziwa Turkana si ya bahari, lakini yana magadi, na yakirukia waya kila siku shaba huota unga wa kijani chini ya ngozi ya waya, mahali jicho halifiki. Tena betri nyingi za boti hufungwa kwa zile nati zenye masikio, zinazokazwa kwa vidole. Mawimbi ya asubuhi moja yanatosha kuzilegeza. Mwambie nahodha, siku ikikataa, asiguse kitu kingine: ajaribu kuwasha mara mbili tatu, kisha apapase haraka vichwa vyote viwili vya betri, na pale waya mweusi unapofungwa kwenye mwili wa injini. Penye joto ndipo penye kosa. Apasugue hadi pang'ae, aweke nati ya kawaida, akaze kwa spana.

Ikiwa kimya kabisa, hata "tik" hakuna, aangalie kwanza kama gia iko nyutro. Ikizunguka bila kuwaka, aangalie kwanza kama kile kikamba chekundu cha kuzimia kimekaa mahali pake. Usicheke. Injini nyingi zimepelekwa gereji kwa sababu ya hicho kikamba.

Kikamba kikiwa mahali pake na bado inazunguka bila kuwaka, shuku petroli kabla ya plagi. Kwenye kifuniko cha tanki kuna skrubu ndogo ya hewa. Vijana huifunga ili petroli isimwagike wakibeba tanki, halafu wanasahau kuifungua. Injini inawaka vizuri, inakwenda, petroli inavutwa bila hewa kuingia nyuma yake, mwishowe inazima katikati ya ziwa. Akiishika ile pampu ya mpira kwenye bomba ataikuta imenywea, tumbo limeshikana na mgongo. Na petroli ya mitungi hupenda kuja na maji: achote kidogo kutoka chini ya tanki, aitie kwenye chupa inayoonyesha, aiache itulie. Maji yatakaa chini, yamejitenga kama mgeni asiyejua mtu.

Na hapa ndipo uchawi wako ulipo. Fundi akifika hufanya nini? Hufungua tanki aone kama petroli ipo. Hewa imeingia. Hushika waya mmoja mmoja akiutikisa. Nati imegusa. Anageuza ufunguo, inawaka, analipwa. Ameiponya bila kujua alichoponya, na wewe vivyo hivyo.

Kalokol haikuanza nawe kupangiwa mambo na watu walio mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa pesa za Norwei, kilijengwa pale kiwanda cha kugandisha samaki. Kugeuza minofu kuwa barafu kwenye joto lile kukala pesa kuliko samaki wenyewe, na Ghuba ya Ferguson iliyo jirani nayo ikakauka. Wewe una boti moja tu, bado unaweza kujinasua. Nunua daftari. Kila ikikataa, nahodha aandike saa, mlio, kama injini ilikuwa ya moto au baridi, na skrubu ya hewa ilikuwaje. Usitume shilingi mpaka daftari liwe na mistari. Makasia na jaketi za kuokolea hazingoji daftari. Upepo wa kusini mashariki wa ziwa lile hausubiri mtu atafute kosa.

*Shangazi, nina kinyozi Kakuma. Jenereta yangu inakubali leo, kesho inakataa, oili ninayo na petroli ninayo. — Kichwa Nusu*

Unaitoa nje kila asubuhi, sivyo? Iweke mahali tambarare. Jenereta nyingi zina kifaa kinachozuia injini kuwaka oili ikipungua, na ukiilaza kwenye mteremko kifaa hicho hudhani oili imekwisha. Rudi ummalizie mteja.

*Shangazi, mpenzi wangu ni nahodha Kalokol. Kila Ijumaa ananiambia hawezi kuja Lodwar kwa sababu injini imekataa. Nimwamini? — Nasubiri*

Mpwa wangu, toka lini boti ikapita barabara ya Lodwar? Lakini nisimhukumu, huenda kweli anabaki kuitengeneza. Soma barua ya kwanza, kisha mpigie umuulize swali moja: ilifanya "tik" au ilizunguka? Mtu aliyekesha na injini mbovu atakueleza mpaka salio liishe. Akijibu "imekataa tu", panda gari la Kalokol hiyo Ijumaa. Beba spana, kama ni nati kweli, utamkuta anaihitaji.